Nani Anakula Firigisi Gesti kwa Mama Scola?

Mimi Regina, mpishi, sijawahi kuiba firigisi. Nalisema hilo kabla hata ya salamu, kwa sababu mtaa mzima wa Ilembo, hapa Mpanda, ulinisema, na wengine mpaka leo wakikutana na mimi sokoni wanaangalia kikapu changu kwanza, uso wangu baadaye. Waangalie tu. Wataona nyanya.

Gesti yenyewe ni ya Mama Scola, jina lake la ubatizo Monika, mjane mwenye sauti ya kuamsha mtaa na machozi ya karibu. Ina vyumba vichache, na uani kuna jiko la kuni, kamba za kuanikia mashuka, na kigoda cha mama mkwe wake, Bibi Ng'washi. Wageni wetu ni wale wanaoshuka kwenye treni kutoka Kaliua wamekunjamana, wafanyabiashara wa maharage kutoka Mishamo, na walimu waliohamishwa ambao bado hawajapata nyumba. Asubuhi kila mgeni anapata chai, chapati na supu ya kuku wa kienyeji, na hiyo supu naipika mimi. Kuna watu wanapita gesti nzuri zenye runinga kila chumba wanakuja kwetu kwa ajili ya supu. Sijisifu, nasema tu.

Sasa, firigisi si nyama ya kila mtu. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, au ya mgeni unayemheshimu. Mwanamke anaisafisha, anaipika, anaipeleka mezani, halafu anarudi jikoni kula shingo. Ukimwekea mwanaume mzima kuku asiye na firigisi, umemwambia mbele za watu kwamba yeye si kitu. Na kwa kuwa pale kwetu hakuna baba tena, Mama Scola aliweka utaratibu: firigisi ya asubuhi ni ya mgeni mwanaume aliye mkubwa kuliko wenzake. Utaratibu huo ulituletea sifa na ugomvi pia. Kuna siku wazee wawili waliigombania mpaka wakatoa vitambulisho vya taifa, wakavilaza mezani kando ya pilipili. Kumbe wote wamezaliwa tarehe mosi Januari, mwaka uleule, kama nusu ya wazee wa nchi hii. Nikaikata katikati. Waliondoka bila kuagana.

Basi mwaka huu, mvua zilipoisha, firigisi zikaanza kupotea.

Naiweka kwenye sufuria kwa mkono wangu mwenyewe. Nafunika. Nikija kupakua, miguu ipo, shingo ipo, maini yapo, firigisi haipo! Kesho yake hivyohivyo. Mara ya kwanza nilijilaumu, nikadhani nimeitupa pamoja na utumbo. Mara ya pili nikamkimbiza paka wa jirani kwa ufagio. Safari iliyofuata paka huyo alikuwa amelala mbele ya macho yangu muda wote, ameshiba dagaa wa Karema, wala hakuinua kichwa. Nikajua mwizi wetu ana mikono, tena ana adabu, maana mfuniko alikuwa anaurudisha vizuri.

Ingekuwa wakati mwingine tungevumilia. Lakini siku zilezile Scola, binti pekee wa Mama Scola, alikuwa amepata mchumba. Jina lake Aloyce, fundi pampu, kijana wa Kisukuma mpole sana. Walipendana hao, nyie! Aloyce alikuwa anakuja kutengeneza pampu yetu ya maji wakati haijaharibika. Aliitengeneza mara nyingi mpaka kweli ikaharibika.

Tatizo halikuwa Aloyce, tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Malale wa Majimoto, mtu mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Posa ya mwanawe wa kwanza ilivunjikia kwenye sahani. Mzee alikaribishwa ukweni, akaletewa kuku, akamgeuza huku, akamgeuza huku, firigisi hakuiona. Akanawa mikono, akavaa kofia, akaondoka, na ndoa ikafia palepale. Hadithi hiyo inajulikana mpaka kwa madereva wa bajaji. Na sasa Mzee Malale alikuwa anakuja kwetu Jumamosi kuleta posa ya Aloyce.

"Regina," Mama Scola akaniambia, "Jumamosi firigisi ikikosekana, mwanangu haolewi."

"Sasa mbona unaniangalia hivyo?"

"Nakuangaliaje?"

"Unaniangalia shavu. Unatafuta kama nimeficha kitu."

"Mwenzangu, mwiko unaushika wewe."

Loo! Nilivua aproni nikaitupa kwenye kuni. Nikamwambia tangu nizaliwe Ufipa mpaka nafika hapa Mpanda, njaa imenipiga mara nyingi, lakini wizi wa jikoni haujanipiga hata siku moja, na kama anataka mpishi mwingine akamtafute, aone kama watu watashuka kwenye treni kufuata maji ya moto yenye manyoya. Nilikuwa nimeshafika getini Scola aliponikamata mkono. Mtoto wa watu alikuwa amekonda, macho mekundu.

"Mama mdogo, usiondoke. Nikimkosa Aloyce kwa sababu ya ugonjwa, nitalia. Nikimkosa kwa sababu ya mwanamke mwingine, nitapigana. Sasa nikimkosa kwa sababu ya firigisi, nitawaambia watu nini?"

Nikarudi. Si kwa ajili ya mama yake, kwa ajili ya huyo mtoto.

Upelelezi ulianza siku hiyohiyo, na wa kwanza kujitosa alikuwa Optatus, mgeni wa chumba cha mwisho, muuza dawa za mifugo. Hakuna aliyemwomba. Alisema yeye amezoea kukagua ng'ombe, na binadamu ni walewale, ila tu wanabisha zaidi. Mbinu yake ilikuwa kunusa midomo. Asubuhi, kabla mtu hajapiga mswaki, Optatus yuko mlangoni.

"Fungua mdomo. Sema haaa."

Mwalimu mmoja alihama gesti kwa sababu hiyo. Mfanyabiashara mmoja wa maharage alimpulizia kwa makusudi baada ya kula vitunguu, na Optatus akakaa kwenye benchi kwa muda akiangalia mbali. Mimi nilimwambia akinisogelea mdomoni atanusa mwiko. Akaandika hewani kwa kidole, kama anayeweka kumbukumbu, akasema, "Mpishi amekataa kukaguliwa." Jamani, nilikaribia kumuua.

Mwishowe akafika kwa Bibi Ng'washi.

Niwaeleze kidogo habari za bibi huyu, maana ukifika gesti kwetu ndiye wa kwanza kumwona. Alizaliwa Usukuma, akaolewa na Mzee Maduhu akiwa msichana mdogo, wakahama wakiswaga ng'ombe mpaka huku Katavi, yeye mtoto mgongoni, mzigo kichwani. Mzee Maduhu namkumbuka. Alikuwa mtu wa kupenda heshima kuliko usingizi. Akiingia ndani, hata kuku walikuwa wanampisha. Alifariki, kisha mwanawe, baba yake Scola, naye akafariki, na bibi akabaki na mkamwana wake hapa mjini. Watu walidhani mama mkwe na mkamwana watang'oana nywele. Wapi! Wanasutana kutwa nzima, lakini hakuna anayekula kabla mwenzake hajala.

Bibi hana jino hata moja. Kazi yake ni kutwanga ugoro kwenye kikinu chake kidogo, twa, twa, twa, tangu jua linachomoza. Mgeni akipita lazima aulizwe ukoo wake, ng'ombe wa kwao, na kama amekula. Bodaboda anaziita kwa mluzi, na zinakuja. Optatus alikuwa anamwita daktari wa mbuzi.

"Haya, daktari wa mbuzi," akamwambia siku hiyo, "leo unatibu ufizi?"

Optatus akainama amnuse. Ugoro ukamwingia vizuri. Akapiga chafya mpaka miwani ikaruka ikaangukia kwenye beseni la mashuka. Aliporudi kwetu machozi yanamtoka, akatangaza, "Huyu tumtoe. Firigisi ni ngumu, na yeye hana meno. Haiwezekani."

Tukatikisa vichwa wote. Na mimi nikatikisa, pamoja na akili zangu zote. Tulikuwa wapumbavu.

Jumamosi ikafika bila mwizi kujulikana. Nikachagua jogoo mwenyewe, jogoo wa kuheshimika, mwenye miguu ya kutisha. Nikasema moyoni: Regina, leo ni wewe na mwizi. Nikachukua sindano na uzi mwekundu, nikaitoboa ile firigisi, nikapitisha uzi, nikafunga mafundo ya kutosha. Rili ya uzi nikaichomeka kiunoni, ndani ya fundo la kanga. Firigisi ikaenda kwenye sufuria, uzi ukapita chini ya mfuniko. Ikitoka bila ruhusa yangu, kiuno kitanijulisha. Mama Scola alipoona akauliza kama nimeanza uganga. Nikamwambia dawa ya mwizi ni kamba.

Wageni wakaja na bajaji mbili. Mzee Malale alikuwa mrefu, koti zito licha ya jua, fimbo mkononi. Mkewe, Mama Lidia, mwanamke mnene mkimya, alikaa kwenye mkeka na hakusema neno. Aloyce alikuwa ametokwa jasho mpaka shati limebadilika rangi. Optatus alijipenyeza akakaa karibu, eti kama shahidi. Scola alisimama mlangoni, ameng'ata pindo la kanga.

Nyama ilipokaribia kuiva, Mzee Malale akauliza, "Nani anapika?" Nikaitwa. Nikatoka jikoni, nikapiga magoti mbele yake kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kwenu hawajambo?"

"Hawajambo, mzee."

"Ng'ombe hawajambo?"

"Mimi sina ng'ombe, mzee."

"Mbuzi?"

"Hata mbuzi sina."

Akanitazama kwa huruma. "Kuku basi?"

"Kuku ninaye mmoja. Yuko kwenye sufuria."

Hapo ndipo rili ilipoanza kuzunguka kiunoni kwangu.

Mungu wangu! Inazunguka, inanitekenya mbavuni, na mzee ndiyo kwanza anaanza habari za mvua. Mvua za kwenu zilikuwaje? Mahindi yalikubali? Panya walisumbua? Siwezi kusimama, kusimama ni utovu wa adabu. Najibu, "Yalikubali, mzee," huku rili inakwenda mbio. Nikamkonyeza Mama Scola. Akadhani namwambia mambo ni mazuri, akanikonyeza na yeye.

Katikati ya habari za panya, Bibi Ng'washi akatokea kona ya jikoni, anatembea polepole, kikinu amekikumbatia ndani ya kanga. Akapita mbele ya wageni, akasalimia, akaenda kukaa kwenye kigoda chake kando ya Mzee Malale, maana yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Macho yake yamepungua siku nyingi, hawezi kuona uzi. Sisi wengine tuliuona. Uzi mwekundu ulitoka kiunoni kwangu, ukaingia jikoni, ukatokea upande wa pili, ukapita juu ya viatu vya Mzee Malale, ukapanda, ukaishia ndani ya kanga ya bibi. Na bibi akaanza kutwanga. Twa, twa, twa.

Nilitamani kuukata kwa meno.

Mzee Malale akaangalia miguu yake. "Huu uzi ni wa nini?"

"Ni mapambo, mzee," nikasema.

"Mapambo ya miguuni?"

Akauinua kwa vidole, akauvuta. Upande mmoja ukanivuta mimi kiunoni, nikaenda mbele, mikono chini. Upande mwingine ukachomoa firigisi kwenye kikinu, imevaa ugoro mwili mzima, nusu imepondeka, ikaruka ikatua kwenye koti la mzee, kifuani, mahali pa kubandikia nishani.

Mzee akapiga chafya. Kisha Aloyce, kisha Optatus, kisha sisi wote. Hata kuku wa jirani walikimbia.

"Nilisema!" Optatus akapaza sauti, pua imejaa.

"Ulisema nini wewe?" nikamwuliza.

"Nilisema mwizi yumo humuhumu."

Mama Scola alikuwa ameshajitupa chini, anaomba radhi kwa Kiswahili na Kisukuma kwa pamoja. Mzee Malale hakumsikiliza. Alimgeukia bibi, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, ni wewe umeichukua?"

"Ni mimi," akasema Bibi Ng'washi. "Zote ni mimi. Huyu Regina mnamwonea bure."

Niwaambie ukweli, nilisikia kulia. Siku zote zile nimesemwa, na aliyenisafisha ni mwizi mwenyewe.

"Kwa nini, mayu?" akauliza mzee.

Bibi akaweka mchi chini. "Baba, mimi nimechinja kuku tangu sijaota matiti. Kila firigisi aliyokula Maduhu imepita kwenye mikono hii. Nimeiosha, nimeitia chumvi, nimeipeleka kwa magoti. Siku moja nikamwuliza, mume wangu, utamu wake ukoje? Akaniambia, nyie wanawake hamwezi kuelewa. Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka amekufa, mpaka meno yakaisha. Juzi nikasema, kabla sijamfuata, bora niende nikiwa nimeelewa."

Sauti iliyosikika ilikuwa ya sufuria tu, inachemka bila mtu.

Mzee Malale akasimama, akaitoa firigisi kifuani, akaiweka kwenye sahani kwa ncha za vidole. "Nimekuja na posa, nimepewa mabaki ya kinu. Aloyce, piga simu bajaji zirudi."

Scola akaachia kilio. Aloyce akatoa simu, akaishika, vidole havikusogea.

"Baba," akasema, "mtandao unasumbua."

"Basi tutatembea."

"Tembea," ikasema sauti ya kike. "Mimi nabaki."

Tukageuka. Ni Mama Lidia, yule aliyekuwa kimya. Mzee akamtazama kama mkeka ndio umesema.

"Unasemaje?"

"Nasema nabaki. Sijala. Na kabla hujaondoka, baba Aloyce, waoneshe mfuko wa koti. Wa kulia."

Mzee akaufunika mfuko kwa kiganja, haraka sana. Amechelewa. Mama Lidia alikuwa ameshainuka, mnene vile lakini mwepesi, akatia mkono, akatoa kitu kidogo cheusi kimekauka, akakiweka kwenye sahani kando ya ile ya bibi. Ilikuwa firigisi.

"Hiyo ni ya jana, tulikolala. Na koti hili nalifua mimi, kila wiki mfuko una mafuta. Hana magego, jamani! Ya mbele yamebaki ya kuchekea tu. Akipewa firigisi anaizungusha mdomoni, anawaangalia watu, halafu inaingia mfukoni. Na ile posa ya kwanza aliivunja kwa sababu alidhani wale watu wamegundua, wanamcheka."

Mzee Malale akakaa. Hakukaa kwa hasira, alikaa kama mtu aliyetua gunia. Kwa muda alichezea fimbo yake.

"Mayu," akasema kwa sauti ya chini, "kwa hiyo ukiitwanga hivyo, inalika?"

"Inalika vizuri sana. Ila ukung'ute ugoro kwanza."

Aloyce alicheka kwanza, kisha akaogopa, kisha akaona baba yake mabega yanatikisika. Hapo tukacheka wote. Mama Scola alicheka huku bado amelala chini.

"Sasa niambie," Mzee Malale akamwuliza bibi, akifuta macho, "umekula firigisi hizi zote. Utamu wake umeuona?"

Bibi Ng'washi akafikiri.

"Bado," akasema. "Ya kwanza nilikula nikaona haina kitu. Nikasema labda hiyo imekosea. Nikajaribu nyingine. Nikasema labda ya jogoo. Ndiyo maana niliendelea."

Mama Lidia akaichukua ile iliyotoka kwenye kikinu, akaipangusa kwa kanga, akamega kidogo, akatia mdomoni. Akatafuna. Sisi wanawake wote tukasogea, mimi, Mama Scola, hata Scola na machozi yake. Alitafuna, akameza, akamgeukia mumewe.

"Malale. Ni hii tu?"

Mzee akainamisha kichwa.

"Ni hiyo tu," akasema.

Nilimwona Mama Lidia akiangalia mikono yake, anaigeuza, kana kwamba anahesabu kuku wote aliowahi kumpikia. Bibi Ng'washi akaguna, "Mh," kisha akatabasamu na ufizi wake wote, akasema, "Basi na mimi nipeni paja."

Nikakimbilia jikoni. Lile paja lilikuwa limeiva mpaka linaachana na mfupa. Nilipolileta, Mzee Malale alinipokonya sahani mkononi, akaacha fimbo, akachuchumaa mbele ya kile kigoda, magoti yakalia kah, kah.

"Kula, mayu," akasema. "Scola ni wetu kuanzia leo."

Scola akapiga vigelegele peke yake, hajui kama ni ruhusa. Bibi akanyofoa kipande, akakitia mdomoni, akakisaga taratibu kwa ufizi, na mzee akabaki amechuchumaa palepale, amemshikia sahani mpaka akamaliza.